Je, kubadilishana kete humwokoa mchezaji dhaifu?
Wengi huamini kwamba mchezaji wa sataranji anayekutana mashindanoni na mpinzani aliyemzidi kiwango, akiharakisha kubadilishana kete (yaani kula kete ya mpinzani, naye akala yake ya thamani sawa), hasa malkia, atajipatia sare. Ni kweli kwamba hatari ya shambulio la ghafla hupungua. Lakini hata mfalme aliyebaki peke yake dhidi ya mfalme na askari mmoja, katika hali ambayo ilikuwa sare, anaweza kushindwa kwa kurudi mraba mmoja usiofaa. Katika hatua hiyo ya mwisho, kete zikiwa zimebaki chache, ndipo, kwa maoni yangu, ujuzi hutofautiana zaidi. Anayetaka kuhakikisha na apitishe rekodi za michezo yake kwenye programu ya uchambuzi, atazame tathmini yake, yaani makadirio ya programu kuhusu nani yuko mbele, iliporomoka lini: kabla ya malkia kutoka ubaoni, au baadaye.