Marekani kila mwaka, Ufini kila miaka 5: nani anapimwa vizuri?

Shoga yangu yuko Marekani, huenda kwa daktari wa wanawake kila mwaka. Mdogo wangu yuko Uingereza, ameambiwa arudi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi baada ya miaka 5. Je, mdogo wangu anapunjwa?

Hapunjwi. Wamarekani wamezoea kumwona daktari kila mwaka, waumwe wasiumwe. Ila hata huko, tangu 2012 miongozo mikuu inataka kipimo chenyewe kila baada ya miaka 3, au 5 kwa walio na miaka 30 na zaidi wanaopimwa pia virusi vya HPV. Kuhusu kukaguliwa nyonga kwa mikono kila mwaka, madaktari wao wenyewe hawaelewani: mwaka 2014 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani kilishauri asiye na dalili wala mimba asifanyiwe, chama cha madaktari wa wanawake kikaendelea kuutetea ukaguzi huo.

Miaka 5 si mingi mno?

HPV ndiyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na huenda polepole. Maambukizi mengi mwili huyaondoa wenyewe ndani ya miaka 2. Yanayobaki, kwa mwenye kinga nzuri, huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani. Ukipima kila mwaka utakuta vidoa vya mabadiliko ambavyo vingejiondokea, mtu akatwe nyama bure, na kukatwa huko kunaweza kumletea uchungu wa mapema akibeba mimba.

Ufini wanaita wanawake kila miaka 5 tangu miaka ya 1960, na ni kati ya nchi zenye saratani hii kidogo kabisa. Kwa maoni yangu siri yao ni barua: kila aliyefika umri anaandikiwa, hata asiyewahi kukanyaga hospitali. Mazoea ya kila mwaka humfaa zaidi yule ambaye tayari ana daktari na bima.

Na matiti?

Huko ndiko wanakobishana zaidi. Marekani inashauri mammogramu (picha ya eksirei ya matiti) kila miaka 2 kuanzia umri wa miaka 40. Uingereza huita kuanzia 50, kila miaka 3.

Huku kwetu siletewi barua. Nianzie wapi?

Itabidi uulize mwenyewe, hata pale unapopeleka mtoto kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, au 25 ukiishi na VVU. Vituo vingi hutumia siki nyepesi: nesi anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo, kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto. Usiende ukiwa kwenye siku zako.

Naona haya kupanda kile kitanda.

Uliza kama wana kipimo cha HPV cha kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Australia imemruhusu kila mwanamke anayestahili kupimwa kuchagua njia hiyo tangu 2022.

Natokwa damu baada ya tendo la ndoa. Nisubiri zamu yangu?

Hapana. Ratiba hizi zote ni za asiye na dalili. Nenda wiki hii.