Mkojo wa damu si ukubwa, na UTI si ushahidi wa kuchepuka

Nianze na hili la kwetu Pemba maana ndilo linaloniuma. Zamani tukiwa skuli mtoto wa kiume akikojoa damu wenziwe wanamwambia haya ushakuwa mkubwa, na wapo watu wazima walioitikia. Si kweli jamani! Mtoto anayeoga mtoni au anayeshinda bonde la mpunga akitokwa na damu, khasa ile ya mwisho mwisho wa mkojo, cha kwanza kufikiria ni kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji baridi vinapenya ngozi hata kama huna kidonda, wakishakua wanakaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu wanataga, na yale mayai ndo yanayojeruhi kibofu, ukiyaacha miaka na miaka njia ya mkojo inaziba, figo inavimba, na wengine wanaishia kansa ya kibofu.

Eti ukikanyaga mkojo wa mwenye kichocho unakipata? Hapana, lazima mkojo ule ufike majini umkute konokono. Baharini nako hukipati, konokono yule haishi maji chumvi.

Na lile la "mie nilishameza vidonge mwaka jana": prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho, inaua wadudu waliokomaa mwilini, haikukingi na wa kesho, ukirudi mto ule ule unaanza upya.

Sasa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mke akiambiwa ana UTI mume ananuna, nyumba haikaliki, wakati mara nyingi ni bakteria wa utumboni mwake mwenyewe tu, maana njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na iko karibu na nyuma. Tendo la ndoa linaweza kuwasukuma ndani lakini hiyo haina maana kuna mtu kachepuka. Yapo kweli magonjwa ya zinaa yanayounguza mkojo vile vile, ndo maana nasema pimeni mkojo kwanza, sio kukimbilia duka la dawa ununue antibayotiki za siku mbili, ukipata nafuu unaacha, halafu UTI ikirudi dawa hazishiki. Kuchamba ni mbele kwenda nyuma, na mkojo usiubane. Mjamzito asingoje hata siku moja. Na ukiona homa na kutetemeka na ubavu unauma, ujue huenda imeshapanda kwenye figo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dafu linaosha figo? Mwenye figo nzima anywe, ni kinywaji kizuri. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na figo iliyochoka haiwezi kuitoa, ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama, kwa hiyo mgonjwa wa mashine ya kusafisha damu msimpelekee dafu kwa huruma, muulizeni daktari wake kwanza.

La mwisho ni mgongo. Kila anayeumwa mgongo anasema figo hizi, kumbe mara nyingi ni misuli, na figo zinazokufa kwa sukari na presha hazikuumi kabisa, zinakwenda kimya kimya mpaka uvimbe miguu, zinajulikana kwa kipimo cha damu na mkojo tu. Sasa mtu ana presha, anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya mgongo ule, na diklofenaki yenyewe ndo inayozimaliza figo.