Usimuulize mzee wa Amu "mwaka gani?"

Kazi yangu ni kurekodi kumbukumbu za utotoni za wazee wa Lamu, yaani Amu, na visiwa vyake, kisha kuzitafutia tarehe. Swali linaloiharibu kazi hii kuliko mengine yote ni lile wajukuu wanaloanza nalo: "Bibi, huo ulikuwa mwaka gani?" Bibi atanyamaza, kisha atataja mwaka ulio kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ni wa kukadiria. Au atasema hakumbuki, na mazungumzo yaishie hapo. Kumbe tarehe anayo. Anayo kwa upepo, kwa mfunguo, kwa maji ya bahari na kwa meno yake mwenyewe.

Anza na upepo. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili na mvua za masika, na hukaza Juni hadi Agosti, bahari ikachafuka hata mashua ndogo zikakaa pwani. Kwa hiyo usiulize mwezi. Uliza: "Majahazi ya Arabuni yalikuwa bandarini, au yalikuwa yameshaondoka?" Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi changa yamesheheni boriti za mikoko. Mtoto wa miaka mitano hajui Februari ni nini, lakini tende anaijua. Kwa jibu hilo moja umetoka kwenye miezi 12 ukabaki na minne.

Kisha uliza mfunguo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mfunguo ni mwezi wa Kiislamu ambao wazee huuhesabu kuanzia Idi: Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulkaada Mfunguo Pili, Dhulhija Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Kenda, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwezi wa Maulidi, Rabiul-Awwal, ni Mfunguo Sita, ingawa kwa hesabu ya mwaka wa Hijria ni mwezi wa tatu. Mzee akisema "mwezi wa sita" muulize papo hapo ni mfunguo au ni Juni. Ukiandika Juni kwa kudhani, kosa hilo litarithiwa na kila atakayesoma karatasi yako.

Upepo peke yake haukupi mwaka, na mfunguo peke yake haukupi. Vikikutana, vinakupa. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, hivyo kila mwezi wa Kiislamu huzunguka majira yote na kurudi mahali pake baada ya miaka kama 33. Chukua mfano. Mzee anakumbuka Idi ya Ramadhani ambayo kusi ilikuwa kali, vumbi la mchanga likiingia kwenye nguo mpya, naye alikuwa na pengo la meno ya mbele. Kusi kali tuiweke Julai. Idi hiyo iliangukia Julai mwaka 1949, 1950 na 1951. Haikurudi tena katikati ya Julai mpaka miaka ya 1982 na 1983. Mzee wa leo hawezi kuwa mtoto wa 1982, basi tumebaki na miaka mitatu.

Sasa yale meno. Usiridhike na neno "pengo". Muulize lilikuwa juu au chini. Meno mawili ya mbele ya chini ndiyo hung'oka kwanza, mtoto akiwa na miaka sita hivi. Ya juu hufuata akiwa na saba au nane. Mwache apeleke kidole mwenyewe mdomoni, kwani kidole hukumbuka mahali ambapo ulimi haukutaja. Pengo la juu katika Idi ya 1949 hadi 1951 linatupa mtu aliyezaliwa kati ya 1941 na 1944. Huo ni upana wa miaka minne, na ni wa kuaminika kuliko tarehe moja ya kubahatisha.

Baada ya hapo pima kwa matukio yanayojulikana, na uyapime kwa mfunguo pia. Uhuru, tarehe 12 Disemba 1963, uliangukia mwishoni mwa Rajabu. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, yalitokea siku chache kabla ya Ramadhani. Mzee Jomo Kenyatta alifariki 22 Agosti 1978, watu wakiwa wamefunga. Jaribio la kupindua serikali la 1 Agosti 1982 lilikuwa katika Mfunguo Mosi. Akisema habari za kifo cha Kenyatta zilimkuta akinywa chai mchana mkahawani pamoja na watu wazima, kumbukumbu mbili zimechanganyika. Zitenganishe taratibu bila kumwambia amekosea. Kwa watu wa mjini, Ngome ya Lamu inasaidia sana: ilikuwa jela mpaka 1984, kwa hiyo kumbukumbu ya Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, yenye wafungwa ndani yake ni ya kabla ya hapo.

Bahari nayo ni kalenda. Maji makuu huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Watoto wakikumbukwa wanaruka gatini baada ya swala ya alasiri, maji yamejaa pomoni, hizo ni siku za karibu na mwezi mosi au mwezi kumi na tano. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hiyohiyo wangekuta maji yametoka.

Wavuvi na wakulima watakuhesabia kwa miongo: siku kumi kumi tangu siku ya Mwaka, yaani Nairuzi. Mwaka huo una siku 365 bila nyongeza, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne. Kwa kumbukumbu ya miaka 60 iliyopita, rekebisha siku 15.

Kosa jingine dogo lenye madhara makubwa: siku huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao simu yako inauita Alhamisi. Na saa tatu iandike kwa maneno, ukiongeza asubuhi au usiku. Ukiandika 3:00, mjukuu wa kesho atasoma alasiri.

Kuhusu kurekodi kwenyewe, nenda baada ya alasiri, dakika 40 zinatosha. Usikae darini wala kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Upepo na punda watakula nusu ya maneno. Msana wa ndani, kile chumba kirefu, ni bora, kwa sababu kuta nene za matumbawe huzuia kelele za mtaani. Simu iwe shubiri mbili kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kamwe isiwe juu ya meza tupu. Adhana ikianza, simamisha na unyamaze. Mzee akikwama, usimsukume kwa maswali. Mwombe akutembeze nyumbani kwao kwa maneno, kutoka daka hadi kiwanda, yaani ua wa ndani, hadi jikoni, akuambie nani alilala wapi. Watu hurudi wenyewe vyumbani mwao.

Unapoandika, yaache "mai", "mato", "ndia" na "yana" kama yalivyotamkwa. Mimi sikubaliani kabisa na wanaoyageuza kuwa maji, macho, njia na jana ili "yasomeke". Msomaji asiyeyajua awekewe maana pembeni, na sauti ya bibi ibaki yake.

Jina la faili liwe na mtaa, upepo, mfunguo na miaka, kwa mpangilio huo: Langoni, kusi, Mfunguo Mosi, 1949 hadi 1951. Usikate katikati ukaandika 1950. Nakala moja ipeleke kwa familia wiki hiyohiyo, kabla mzee hajasahau alichokusahihisha, na umsomee tarehe kwa sauti: upepo kwanza, mwaka mwisho.