Udhamini wa Mwanamichezo wa Shule: Wazazi Huambiwa Nini, na Ukweli ni Upi

Michezo ya muhula wa pili inapopamba moto, pembeni mwa viwanja vya Nairobi huanza kuonekana watu ambao si walimu wala wazazi: mawakala, na watu wa kampuni zinazotafuta wanamichezo wa kuwatangazia bidhaa. Huuliza jina la mchezaji, halafu nambari ya simu ya mama yake. Wengi wana nia njema. Shida ni kwamba mama huyo tayari ameshauriwa na jirani, na kocha, na kikundi kizima cha WhatsApp, na mengi aliyoambiwa si kweli.

"Ni viatu tu, huo si mkataba"

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu humkuta mzazi mwenye uhitaji wa kweli. Aliyezoea kumtafutia mwanawe njumu katika soko la Gikomba akiletewa jozi mbili mpya pamoja na jezi, atapata wapi moyo wa kuanza kuuliza maswali?

Aulize tu. Mbele ya sheria, malipo si lazima yawe pesa. Ukipokea bidhaa kwa ahadi kwamba mtoto atazivaa, atapigwa picha nazo au atazitaja TikTok, umeingia mkataba, hata kama karatasi ni ya ukurasa mmoja. Kabla ya kutazama thamani ya vitu, tafuta mkataba ni wa muda gani. Tafuta pia kifungu kinachomzuia kutangaza kampuni nyingine, uone kinazuia viatu pekee au kila kitu kinachovaliwa. Kisha soma sehemu ya picha. Ikiwa imeandikwa kwamba kampuni itatumia uso wake daima na kokote duniani, kataa. Binti wa kidato cha tatu hawezi kupewa viatu vya mwaka mmoja na kuacha sura yake huko maisha yake yote. Omba picha zitumike mkataba ukiwa hai, pamoja na miezi michache ya kumalizia matangazo yaliyokwisha kuchapishwa.

Kuna kifungu kingine kinachojificha mwishoni: kwamba mkataba ukiisha na kampuni nyingine ikaja na ofa, kampuni ya kwanza ina haki ya kulipa kiasi hicho hicho na kubaki naye. Kinasomeka kama heshima, lakini huwafukuza washindani, maana hakuna anayependa kutayarisha ofa ili mwingine aichukue.

Na mwenye binti aulize malipo yatakuwaje akiumia au, miaka ya baadaye, akipata mimba. Allyson Felix na wanariadha wenzake walilazimika kusema hadharani mwaka 2019 ndipo Nike ikabadilisha mikataba yake ili malipo yasikatwe kwa miezi 18 kwa sababu ya ujauzito.

"Mtoto ndiye ametia saini, sisi hatumo"

Kenya, mtu mzima ni aliyetimiza miaka 18. Mkataba wa aliye chini ya hapo kwa kawaida haumfungi, isipokuwa wa mahitaji ya lazima au wenye manufaa ya wazi kwake, kama mafunzo. Ndiyo maana kampuni hutaka saini yako. Ukiandika jina lako kama mdhamini wa mtoto, yaani mtu anayeahidi kulipa mtoto asipotimiza mkataba, deni linaweza kuwa lako. Kifungu kinachosema mzazi atarudisha gharama zote mtoto akijiondoa kiondolewe kabla kalamu haijagusa karatasi.

"Picha zake ziko mtandaoni tayari, ruhusa ya nini?"

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha ni taarifa. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Idhini uliyoipa shule kwa jarida lake haimpi muuza soda ruhusa.

"Kocha ndiye wakala wake"

Kocha anaweza kumpenda mtoto kama wake, na bado akawa na maslahi yake katika dili hiyo. Kwa soka, FIFA inataka wakala awe na leseni, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Hata mwenye leseni haruhusiwi kumfuata mtoto mapema: anasubiri hadi ibaki miezi 6 afikishe umri wa kusaini mkataba wa kulipwa katika nchi atakayochezea, na awe na idhini ya mzazi kwa maandishi. Uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 umepigwa marufuku, isipokuwa kwa sababu chache. Anayekudai pesa leo ili mvulana wa miaka 15 apate klabu Ulaya, kata simu.

"Akipata nafasi Marekani, pesa za matangazo ni nje nje"

Mwanariadha Mkenya Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya vyuo vya Marekani akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, na enzi hizo kanuni hazikumruhusu kuuza jina lake. Tangu Julai 1, 2021 wanafunzi wanaruhusiwa. Lakini Mkenya aliye huko kwa viza ya wanafunzi, F-1, amewekewa mipaka mikali ya kazi, na tangazo la kulipwa linaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Kabla hajakubali chochote, azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni na wakili wa uhamiaji. Kilicho hatarini ni masomo yenyewe.

Virutubisho navyo: mtoto kutangaza mkebe hakumaanishi kwamba kilichomo kimepimwa. Kitu kilichokatazwa michezoni kikipatikana mwilini mwake, anayewajibika ni yeye, hata kama ni mdhamini aliyempa.

"Wasipolipa, utafanya nini? Kampuni ni kubwa"

Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi Sh1 milioni, hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba nakala ya mkataba yenye saini za pande zote, ujumbe wa simu mliotumiana, taarifa ya M-Pesa na viungo vya picha alizochapisha mtoto. Nakala hiyo iombe siku ile ile mnayotia saini.