Hata jiki inaua seli za saratani, mjomba

Jana tena. Mjomba wangu wa Tandahimba kanirushia ile meseji, mara ya nne tangu msimu wa korosho uanze: mafuta ya maganda ya korosho yanaua saratani, wanasayansi wamethibitisha, sambaza. Chini kaongeza, mpwa wangu si ndo kazi yako hii, mbona mnatuficha?

Sifichi. Asidi anakadi iliyomo kwenye yale mafuta kweli inaua seli za saratani kwenye sahani ya maabara. Jiki nayo inaua. Mi mwenyewe nimewahi kuua sahani nzima kwa kuacha inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, wazi na sijaiita dawa. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanajua yale mafuta yanavyobabua vidole, sasa kitu kinachobabua ngozi ya mtu mzima kishindwe viseli vilivyokaa peke yao kwenye plastiki?

Swali si kinaua nini, ni kinamwacha nani hai. Imatinib, dawa ya aina moja ya saratani ya damu iliyopitishwa Marekani 2001, inabana BCR-ABL, kinesi (kimeng'enya kinachowasha ishara ndani ya seli) ambayo seli yenye afya haina. Sawa, inagusa na kinesi nyingine kadhaa, tupite.

Ila hata wenzangu wa maabara wanateleza hapa: jua mutesheni, yaani hitilafu ya jeni, chagua kidonge, kwisha. Wapi! Chukua V600E, mutesheni ya jeni ya BRAF, kwenye melanoma, saratani ya ngozi: mpe mgonjwa vemurafenib, dawa inayofunga BRAF, mara nyingi uvimbe unasinyaa. Mutesheni ileile kwenye saratani ya utumbo mpana, dawa ileile, karibu hakuna kitu, maana ukifunga BRAF seli ya utumbo inaamsha EGFR, kipokezi cha ishara za kukua, na ishara inapita mlango wa uani, wakati melanoma EGFR yake kwa kawaida ni kidogo mno, haina pa kukimbilia haraka. Ndo maana utumbo unazibwa milango yote miwili, encorafenib ya kufunga BRAF pamoja na cetuximab ya kufunga EGFR.

Na mishale yetu ya kwenye slaidi, protini zinazopokezana ishara, RAS kwenda RAF kwenda MEK kwenda ERK kama bomba la maji, mi posdok, mtafiti niliyemaliza PhD, naichora kila wiki na siiamini kihivyo. Seli zenyewe tunazopimia zimezoea plastiki, zile za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara, zilitolewa kwa mgonjwa 1951, saa nyingine nahisi natibu sahani.

Nimempigia mjomba asije akanywa. Kasema hajanywa, kampaka jirani mwenye uvimbe shingoni. Sasa natafuta nauli ya jirani aje Mtwara mjini, kwanza atolewe kinyama kipimwe.