Je, wajua kwa nini vizuka wa hadithi za Kichina hufanya mitihani?

Mgonjwa amelala kitandani. Mara anaingia tarishi, barua mkononi, anavuta farasi mwenye doa jeupe usoni. Anamwambia aamke waende kwenye mtihani. Mgonjwa anashangaa: mtahini mkuu wa serikali hajafika wilayani, mtihani gani huu wa ghafla? Tarishi hajibu, anahimiza tu. Wanafika kwenye mji asioujua. Ukumbini wameketi wakubwa kumi na kadhaa, naye anamtambua mmoja tu: Guan Yu, jemadari aliyekufa zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Watahiniwa ni wawili. Anaandika insha, anafaulu, anapewa kazi: atakuwa mungu mlinzi wa mji fulani kule Henan. Hapo ndipo anapong'amua kwamba amekufa. Anaangua kilio: mama yangu ana miaka 70, nani atamtunza? Wakubwa wanaagiza daftari la umri lifunguliwe. Mama amebakiza miaka tisa. Haya, likizo ya miaka tisa, na yule mtahiniwa mwingine atakaimu nafasi yake. Siku tatu baada ya mwanawe kufa, mama anasikia mtu akigumia ndani ya jeneza.

Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza katika Liaozhai Zhiyi, mkusanyiko wa hadithi za ajabu zinazokaribia 500, kazi ya Pu Songling (1640–1715) wa Zichuan, jimbo la Shandong. Namna anavyoianza inafurahisha: mhusika, anasema, ni babu yake shemeji yangu, mume wa dada. Yaani hatuambiwi "hapo zamani za kale". Tunaambiwa habari ya ukoo.

Lakini mtihani umefuata nini kuzimu?

Sehemu ya jibu iko kwenye imani ya Wachina wenyewe. Ahera yao ina ofisi. Kila mji ulikuwa na mungu wake mlinzi, cheo chake kikilingana na cha mkuu wa wilaya aliye hai: ana makarani, ana madaftari, anahukumu kesi. Na kama duniani kazi ya serikali hupatikana kwa mtihani, kwa nini kwa wafu iwe vingine? Ila imani hiyo walikuwa nayo waandishi wengi. Haielezi kwa nini huyu mmoja alirudi kwenye chumba cha mtihani tena na tena, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Kwa hilo inabidi tumwangalie mwenyewe.

Mitihani ya serikali ya China ilidumu takriban miaka 1,300, hadi ilipofutwa mwaka 1905. Ilikuwa na ngazi. Ya kwanza ilikupa heshima ya msomi, lakini haikukupa cheo. Ya pili, iliyofanyika kila baada ya miaka mitatu kwenye makao makuu ya jimbo, ndiyo iliyofungua mlango wa ajira, kisha ikafuata ya Beijing. Mwaka 1658, akiwa kijana wa miaka 18, Pu Songling alipita ngazi ya kwanza akiwa wa kwanza katika hatua zote tatu za mtihani ule. Wilaya nzima ilijua kwamba huyu atafika mbali.

Ngazi ya pili hakuipita maisha yake yote.

Mwaka 1687 ulikuwa wa uchungu wa pekee. Insha ilikuwa inakuja vizuri, mkono unakimbia, na katika kukimbia huko akaruka ukurasa. Kwa kanuni za wakati ule hilo lilitosha kumfuta mtu, hata angeandika dhahabu. Aliliweka tukio hilo kwenye shairi: aliandika kwa raha, akageuka nyuma akaona kosa, jasho baridi la kata elfu likalowesha nguo, na roho ikaruka ikatoka nje ya nyumba yake. Mwandishi wa vizuka alikuwa amekionja kifo kidogo, akiwa na kalamu mkononi.

Riziki aliipata kwa kufundisha watoto wa matajiri, na kwa takriban miaka 30 aliishi kama mwalimu katika nyumba ya ukoo ulioitwa Bi, mbali na mke na watoto wake. Kuna kisa kinachopendwa sana kwamba alitandika mkeka kando ya njia, akawapa wapita njia chai na tumbaku, nao wakamlipa kwa hadithi. Kitamu, lakini mimi sikiamini: mwalimu wa nyumbani kwa watu angetoa wapi muda wa kukaa barabarani mchana kutwa? Dibaji yake ya mwaka 1679 inasema jambo la kawaida zaidi, kwamba marafiki wa kila upande walimtumia visa kwa barua. Mmoja wa marafiki haohao alimsihi aachane na mambo ya mbweha wa kichawi na vizuka, ashughulikie mtihani.

Badala yake akauingiza mtihani ndani ya hadithi. Mahali pamoja anamchora mtahiniwa kwa mifano saba. Akiingia, pekupeku na kikapu chake, ni ombaomba. Akiitwa jina huku makarani wakimfokea, ni mfungwa. Ndani ya kijichumba, kichwa kimechungulia tundu hili na miguu lile, ni nyuki aliyepatwa na baridi mwishoni mwa majira ya vuli. Akitoka, ni ndege mgonjwa aliyefunguliwa tunduni. Akingoja matokeo, ni nyani aliyefungwa kamba. Jina likikosekana, ni nzi aliyekula sumu, hata umguse hasikii. Halafu hasira zikipoa, mkono unaanza kumwasha tena, naye anakuwa njiwa aliyevunjikiwa mayai, anaokota vijiti ajenge kiota upya. Huo wa mwisho haukuandikwa na mtu aliyesimuliwa.

Kicheko nacho kipo. Katika hadithi nyingine kuna mtawa kipofu anayepima insha kwa pua: ichome moto, yeye ananusa moshi. Ya msomi mzuri inamkaa vyema, ya mjivuni inamkohoza. Matokeo yanatoka kinyume, mjivuni kafaulu. Mtawa anasema yeye ni kipofu wa macho tu, watahini wale hata pua zao ni pofu. Kisha zinachomwa insha za watahini wenyewe, mojamoja. Ya sita inamtapisha na kumtoa ushuzi kama radi. Huyu, anamwambia mjivuni, ndiye aliyekupitisha.

Inayoniumiza zaidi ni ya Ye, msomi fukara anayefeli na kufeli hadi anaugua, kisha anapona na kumfuata hakimu mmoja aliyemwamini. Anamfundisha mwanawe, kijana anafaulu. Ye naye mwishowe anafaulu, anarudi kwao amevaa kama mtu mwenye cheo. Mkewe anatoka na ungo mkononi, anamwona, anautupa na kukimbia. Umekufa siku nyingi, anamwambia, na jeneza lako liko ndani, hatukuwa na pesa za kukuzika. Ye anaingia, analiona, anadondoka na kutoweka. Sakafuni zinabaki nguo, kofia na viatu.

Mke wa Pu mwenyewe alikuwa ameshamwambia, alipovuka miaka 50, aache: kama ingekuwa bahati yake, angekwisha kuwa waziri. Mwaka 1711, akiwa na miaka 71, serikali ilimpa daraja la heshima wanalopewa wasomi wakongwe. Kitabu chake kilikuwa bado kinasomwa kwa nakala za mkono, na hakikuchapwa hadi 1766, nusu karne baada ya yeye kufa.

Mwaka 1713 mwanawe alimwita mchoraji. Katika picha ile mzee ameketi kitini, ndevu mkononi, amevaa joho rasmi la daraja lake. Juu yake aliandika kwa mkono wake kwamba mavazi haya ya kidunia hayakuwa nia yake, na kwamba anaogopa watu wa vizazi mia vijavyo watamcheka.