Acheni kununua RAM: kinachokwamisha HD ni kodeki

"Kaka, laptopu yangu ina prosesa ya i7, nimeongeza RAM hadi gigabaiti 16, na bado video ya Full HD inakwamakwama kwenye taimlaini ya programu ya kuediti. Niweke 32?"

Ujumbe wa namna hii umeingia tena wiki hii. Usiweke 32. Hela hiyo ina kazi nyingine, nitakuonyesha. Na kabla hujauliza swali linalofuata: hapana, si lazima uhamie Mac.

Hesabu ya RAM ni fupi. Fremu moja, yaani picha moja ya video, ya Full HD (pikseli 1920 kwa 1080) ikishafunguliwa kutoka kwenye mbano wake inachukua kama megabaiti 8. Fremu 25, yaani sekunde nzima, ni megabaiti mia mbili na kidogo. Windows, programu ya kuediti na ile Chrome usiyotaka kuifunga vitakula gigabaiti 8 kirahisi, kwa hiyo 16 ni kiasi kizuri. Ikishatosha, imetosha. RAM ni mahali pa kuweka fremu zilizokwisha kufunguliwa, yenyewe haifungui fremu hata moja. Na kufungua ndiko kunakoishinda mashine yako.

Hapa ndipo huwa tunagombana. Mtu ananiambia, "Lakini faili lenyewe dogo tu, dakika kumi hazifiki hata giga mbili, linakuwaje zito?" Ndugu yangu, ni zito kwa sababu ni dogo. Kamera za AVCHD (mfumo wa kurekodi wa kamera ndogo za HD), simu na droni zinarekodi kwa H.264 au H.265, na kodeki hizi, yaani njia za kubana na kufungua video, zinabana kwa ujanja mmoja mkubwa: haziandiki kila fremu nzima. Zinaandika fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaandikwa tofauti tu. Bibi harusi kasogeza mkono, pazia limepepea, mengine yote kama yalivyokuwa.

Ni daftari la madeni la mangi wa dukani. Ukurasa wa kwanza una deni lako lote, kurasa zinazofuata zina "sukari nusu", "kalipa elfu tano", basi. Ukimuuliza ghafla ile Alhamisi ulikuwa unadaiwa ngapi, hawezi kukujibu kwa kutazama ukurasa wa Alhamisi peke yake. Lazima arudi palipo na jumla, aanze kujumlisha na kutoa. Na kwenye video mambo ni mabaya zaidi, maana kuna fremu zinazotegemea hata fremu za mbele yao, ambazo kwenye taimlaini hazijafika bado.

Ndiyo maana swali la "mbona VLC inacheza vizuri?" halinishtui. VLC ni programu ya kutazamia tu, inasoma kuanzia mwanzo kwenda mbele, kwa mpangilio, kila fremu ikiandaliwa na iliyotangulia. Hiyo ni kazi nyepesi. Wewe unapoediti hufanyi hivyo. Unaruka, unaburuta kishale kurudi nyuma, unakata katikati ya kundi la fremu, unaweka kamera ya pili juu ya ya kwanza, na kila baada ya sekunde mbili unahamia klipu nyingine. Kila mruko mashine inatafuta fremu kamili iliyo nyuma, inafungua zote zilizo katikati, inakupa ile moja uliyotaka, na karibu zote ilizofungua njiani inazitupa. Buruta kishale kinyumenyume kwa sekunde tano uone kazi hiyo inavyojirudia. Prosesa yako haina nguvu ya kuvumilia hivyo siku nzima.

Waliowahi kushika kanda za HDV hawahitaji kuhubiriwa. HDV, mfumo wa HD wa kaseti, ulikuja mwaka 2003, ukatumia kaseti zilezile za MiniDV za mfumo wa zamani wa DV na, kwa picha ya mistari 1080, megabiti zilezile 25 kwa sekunde. Ukubwa wa data haukuongezeka. Kompyuta zilizokuwa zinaediti DV kutwa bila kulalamika zikapiga magoti. Tofauti ni kwamba kwenye DV kila fremu inajitegemea, wakati HDV ilibana kwa MPEG-2 katika makundi ya fremu 12, kwa sisi wa fremu 25. Utaniambia pikseli nazo ziliongezeka karibu mara nne, 1440 kwa 1080 dhidi ya 720 kwa 576. Kweli, na hilo lina uzito wake. Lakini tazama watu walitokaje pale. Hawakusubiri prosesa mpya. Walibadilisha kanda zao kuwa CineForm, au Apple Intermediate Codec, na kuanzia 2007 kuwa ProRes, kodeki ambazo kila fremu inajitegemea. Mashine ileile, pikseli zilezile, faili kubwa mara kadhaa, na kazi ikatembea. Kama ukubwa wa faili ndio ungekuwa tatizo, hali ingezidi kuwa mbaya.

Kuhusu diski nitasema kwa kifupi. Wanaodai HD inataka diski za bei mbaya wanafikiria video isiyobanwa, ambayo kwa fremu 25 inakula kama megabaiti 104 kila sekunde. ProRes 422 ya 1080 kwa fremu hizohizo ni megabiti 122 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 15 tu (biti nane ni baiti moja). Diski ya kuzunguka inaiweza. SSD nunua, kwa sababu inaharakisha kila kitu, ila isikupe matumaini kuhusu H.265 ya iPhone. Diski haifungui fremu.

Sasa hiyo i7 yako. Muuzaji anaandika "i7" kwa herufi kubwa, ya kizazi gani hasemi. i7-4600U, ya kizazi cha nne, ina kori (viini vya kufanyia kazi) mbili. i5-8250U ya kizazi cha nane, iliyotoka 2017, ina kori nne. Lakini kori ni nusu ya habari. Ndani ya prosesa nyingi za Intel, tangu 2011, kuna kipande cha pekee cha kufungua video kinachoitwa Quick Sync, na kila kizazi kina orodha yake ya kodeki kinazozijua. H.264 ya kawaida, ya biti 8 (biti ni kina cha rangi), wanaijua wote. H.265 ya biti 8 wanaijua kuanzia kizazi cha sita, ya biti 10 kuanzia cha saba. Kipande cha kizazi cha nne hakiijui, kwa hiyo mzigo unaziangukia kori zako mbili. Ndiyo maana kijana wa jirani mwenye i5 "ndogo" anakupita huku wewe umelipa zaidi.

Wengine wamenunua zile kompyuta za mnara, nzito, za ofisini, zenye prosesa ya Xeon E5, kwa kuwa ni kubwa na zina RAM nyingi. Xeon hizo hazina grafiki za ndani, hivyo Quick Sync haipo. Ukikuta wamechomeka kadi ya grafiki ya zamani ya Quadro K2000, nayo haifungui H.265. Kadi ya GTX 1050 ya mtumba ingekusaidia kuliko RAM yote hiyo, na kwa mwenye mnara hapo ndipo penye kazi ya ile hela ya RAM niliyoizuia mwanzoni; kwa mwenye laptopu, iwe akiba ya mashine ya kizazi kipya zaidi.

Kama huna hela yoyote, tengeneza proksi. Sielewi kwa nini watu wanaikimbia. Unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi za klipu zako, tuseme za 960 kwa 540, kwa ProRes Proxy au DNxHR LB, kodeki ambazo kila fremu inasimama yenyewe. Unaediti kwa nakala, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudi kwenye faili halisi. Kdenlive na Shotcut zinafanya hivyo bure. DaVinci Resolve ya bure nayo inafanya, na ni programu nzuri kupindukia, ila inategemea sana kadi ya grafiki. Kwenye laptopu yenye grafiki za Intel za zamani utaichukia bila kosa lake. Saa moja ya AVCHD ya megabiti 24 ni kama gigabaiti 11. Proksi yake ya nusu vipimo ni gigabaiti nne au tano hivi za ziada. Ukibadilisha kila kitu kuwa ProRes 422 kamili, saa hiyohiyo inakuwa gigabaiti 55, na sherehe ya saa sita imekujazia diski. Na tafadhali, kubadilisha kuwa ProRes hakuongezi ubora wa picha. Kilichopotea kwenye kamera kimepotea.

Kuna jambo moja proksi pekee hazilitatui, nalo ni fremu za simu. Simu ikiwekwa 30 hairekodi 30 kwa uaminifu. Ukumbini taa zikipunguzwa inashusha kasi, ikapandisha, ikashusha tena. Sauti inakwenda sawasawa, picha hapana, na ikifika hotuba ya baba wa bwana harusi mdomo umeachana na maneno. Pitisha klipu kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika. Ongeza juu ya hapo kwamba umeme wetu ni wa hezi 50 na simu inapiga 30, hivyo baadhi ya taa za LED zitacheza kwenye picha. Hilo halirekebishiki vizuri kwenye kompyuta. Mpigaji aweke shata, yaani muda wa kupiga kila fremu, kuwa sekunde 1/50 au 1/100 palepale ukumbini.

Sitadai kwamba mambo yote yananyooka. Hata baada ya HandBrake nimeona sauti zikiendelea kuteleza kidogo kwenye klipu ndefu, na dawa yangu si ya kitabuni: nakata kwenye makofi, nasogeza fremu mbili, naendelea. Kuhusu proksi nako sina kanuni moja. Kwa tangazo la dakika moja lenye klipu fupi fupi mara nyingi sitengenezi, nashusha tu ubora wa onyesho kwenye programu, kwa sababu kutengeneza proksi kwenye mashine dhaifu kunaweza kula usiku mzima, na umeme ukikatika betri iliyochoka haifiki asubuhi. Na biti 10 kwa harusi? Wenzangu wanaapa kwazo. Mimi nikifikiria kwamba sehemu kubwa ya wageni wataiona video hiyo kwenye WhatsApp, nasita. Ukirekodi H.264 ya biti 10 yenye rangi 4:2:2 (inayohifadhi rangi nyingi kuliko ya kawaida), hata Quick Sync ya laptopu niliyokusifia hapo juu haitakusaidia. Hapo ni proksi tu.

Kama lazima ununue laptopu, nenda Kariakoo au popote na klipu ya kamera yako mwenyewe, isiwe ile video laini ya matangazo aliyonayo muuzaji. Weka Shotcut, haina malipo na haichukui muda. Tupia klipu kwenye taimlaini, kata mara tatu nne, kisha buruta kishale kurudi nyuma taratibu. Ikifuata mkono wako, anza kuzungumza bei. Ila nakili kwanza klipu kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski ya laptopu, maana flashi nyingi za mtaani ni za polepole na utailaumu mashine ya watu bure.